Kompyuta Inaposahau: Kutafuta Ubovu wa Kumbukumbu kwa Njia ya Sayansi

Redio ikiharibika, mara nyingi ubovu wake hujitangaza: sauti hukatika au hukoroma, na mwenye redio hujua kwamba pana kasoro. Kompyuta nayo huweza kuharibika hivyo, ikakataa kuwaka kabisa. Lakini iko namna nyingine ya kuharibika iliyo mbaya zaidi, kwa kuwa haina kelele. Mashine huwaka, skrini huonyesha kila kitu kama ilivyo kawaida, na hesabu hufanyika. Ila tarakimu moja kati ya mabilioni imegeuka, wala hakuna aliyeiona ikigeuka.

Na uchukuliwe mfano wa alama za mtihani. Mwanafunzi amepata 65. Katika hesabu za kizio cha pili, ambazo ndizo lugha ya kompyuta, namba hiyo huandikwa 01000001. Tarakimu ya pili kutoka kushoto ikigeuka kutoka 1 kuwa 0, kinachobaki ni 00000001, yaani 1. Mwanafunzi aliyefaulu amekuwa wa mwisho darasani, na mashine haikutoa onyo lolote.

Mambo ya namna hii yamekwisha kutokea. Tarehe 18 Mei 2003, katika uchaguzi uliofanyika nchini Ubelgiji, kompyuta ya kuhesabia kura huko Schaerbeek ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 zaidi ya zile alizopata. Kosa liligunduliwa kwa sababu kura zake zilipita idadi iliyowezekana. Wataalamu waliikagua programu wasione kasoro. Hata hivyo, namba 4,096 yenyewe ilikuwa ushahidi: ni 2 kwa kipeo cha 12, yaani ni thamani ya tarakimu moja tu ya kizio cha pili, ile ya 13 kutoka kulia. Wakakata shauri kwamba yaelekea tarakimu hiyo moja iligeuka katika kumbukumbu ya mashine.

Kompyuta za nyumbani na za shuleni nyingi hupatwa na ubovu wa kumbukumbu, na wenyewe hutumia fedha kununua vipuri kwa kubahatisha, au huitupa mashine ambayo ingeweza kupona. Kubahatisha huko si lazima. Kutafuta ubovu wa kompyuta ni jaribio la sayansi kama majaribio mengine ya maabara: hubadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila hatua hujibu swali moja. Anayeifuata kanuni hiyo, hata akiwa mwanafunzi wa sekondari, anaweza kuupata ubovu uliomshinda mtu mwenye vifaa vingi asiye na utaratibu.

NDOO ZINAZOVUJA

Kompyuta huweka habari mahali pawili. Diski hufanana na kabati: kilichowekwa humo hubaki hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, hufanana na meza iliyo mbele ya karani: kila kinachoshughulikiwa sasa hutandazwa juu yake, na umeme ukikatika meza husafishwa mara moja. Kila herufi inayochapwa, kila picha inayoonekana na kila amri ya programu hupita juu ya meza hiyo. Ndiyo maana ubovu wa kumbukumbu huweza kujifanya kuwa ubovu wa kitu kingine chochote.

Mwaka 1966 Robert Dennard, wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alibuni njia ya kuhifadhi tarakimu moja ya kizio cha pili, yaani biti moja, kwa kutumia transista moja na kapasita moja tu. Alipewa hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1968. Kapasita yenye chaji husimama badala ya 1, na isiyo na chaji badala ya 0. Transista ni mlango wa kuitia chaji hiyo na kuitoa. Kwa kuwa chumba cha biti moja kinahitaji vitu viwili tu, vyumba vingi mno huweza kutengenezwa juu ya kipande kidogo cha silikoni. Kibao cha kumbukumbu cha gigabaiti 8 kina vyumba 68,719,476,736.

Udogo huo una gharama yake. Chaji ya kila chumba ni kiasi cha makumi ya maelfu ya elektroni tu, nayo huvuja daima, mithili ya ndoo iliyotoboka. Kwa hiyo hapana budi mashine isome na kuandika upya kila safu ya vyumba kabla chaji haijakwisha. Katika vibao vya aina ya DDR3 na DDR4, kila safu hujazwa upya katika muda usiozidi milisekunde 64, yaani mara 15 hivi kwa sekunde. Chipu ikipata joto linalozidi nyuzi 85 za sentigredi, muda huo hupunguzwa hadi milisekunde 32, maana joto huharakisha uvujaji. Chumba kimoja kikivuja haraka kuliko vyumba vingine, kitasahau kabla ya zamu yake ya kujazwa. Huo ndio ubovu wa kumbukumbu unaotokea leo, ukapotea kesho, na kurudi wakati wa mchana wenye joto kali.

MASHINE ILIYOJIPIMA YENYEWE

Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 zinafaa sana kwa mafunzo, kwani sehemu zake zilikuwa chache na kazi ya kila sehemu ilijulikana. Mojawapo ni Commodore 64, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 na ambayo zaidi ya milioni 12 ziliuzwa. Kumbukumbu yake ilikuwa na baiti 65,536, na katika matoleo yake ya kwanza ilipangwa katika chipu 8. Kila baiti ina biti 8, na kila chipu ilitunza biti moja ya kila baiti. Kwa hiyo chipu moja ikifa, si sehemu moja ya nane ya habari iliyopotea ikaacha nyingine salama. Kila baiti ya mashine nzima ilipata tarakimu moja isiyoaminika.

Mashine hiyo ilipowashwa, programu iliyotiwa humo kiwandani ilianza kuipima kumbukumbu. Katika kila anwani iliandika 01010101, kisha ikasoma. Halafu ikaandika 10101010, ikasoma tena. Jibu likiwa sawa, ilisogea kwenye anwani iliyofuata. Jibu likitofautiana, ilisimama na kuchukulia kwamba kumbukumbu imeishia hapo. Katika mashine iliyo nzima, upimaji ulisimama kwenye anwani 40,960, mahali ilipoanza chipu ya lugha ya BASIC, ambayo haikuweza kuandikwa. Nafasi ya programu za mtumiaji ilianza kwenye anwani 2,049. Tofauti ya namba hizo ni 38,911, na ndiyo idadi ya baiti huru iliyoandikwa juu ya skrini kila mashine ilipowashwa.

Namba hiyo, ambayo watumiaji wengi hawakuitilia maanani, ilikuwa cheti cha afya. Iwapo siku moja skrini ilionyesha 17,951, fundi hakuwa na haja ya kubahatisha. Alijumlisha 2,049, akapata 20,000: hiyo ndiyo anwani ya kwanza iliyoshindwa mtihani. Na iwapo skrini ilibaki nyeusi tupu, kwa sababu hata sehemu ya kuanzia ya kumbukumbu ilikuwa imekufa, alichomeka kasha maalumu la kupimia, nalo lilifanya skrini itoe mimweko kati ya 1 na 8. Idadi ya mimweko ilitaja chipu ya kubadilishwa.

Hata hivyo, kuijua chipu iliyokufa hakukumaliza kazi. Ilipasa kuulizwa: ni nini kilichoiua? Kisanduku cha umeme cha kompyuta hiyo kilitakiwa kutoa volti 5. Kilipozeeka, mara nyingi kidhibiti chake kilishindwa kwa namna ya kupandisha volti badala ya kuzishusha, na chipu za kumbukumbu zikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kuungua. Aliyebadili chipu bila kuupima umeme aliitia chipu mpya katika hatari ile ile. Kitu kilichovunjika na kitu kilichovunja si lazima viwe kimoja.

Kompyuta nyingine ya mwaka 1982, Sinclair ZX Spectrum ya Uingereza, inatoa funzo la kushangaza zaidi. Ili kupunguza bei, toleo lake lenye kumbukumbu kubwa lilitumia chipu ambazo nusu yake ilikuwa mbovu. Chipu hizo zilipimwa, ikajulikana ni nusu ipi iliyo nzima, kisha kipande cha waya kwenye ubao kikaielekeza mashine itumie nusu hiyo peke yake. Mashine zilifanya kazi vyema. Ubovu unaojulikana mahali ulipo huweza kuepukwa. Ubovu usiojulikana ndio unaoangamiza.

DALILI NA MAANA ZAKE

Katika kompyuta za sasa chipu hazichomolewi moja moja. Zimepangwa juu ya vibao vyembamba ambavyo huchomekwa katika matundu marefu ya ubao mkuu, au zimelehemiwa kabisa kwenye ubao huo, kama ilivyo katika kompyuta nyingi nyembamba za mapajani. Kabla ya kushika bisibisi, inafaa dalili zichunguzwe na kuandikwa daftarini: ni saa ngapi, kazi gani ilikuwa ikifanywa, na maneno gani yalitokea kwenye skrini.

Mashine ikiwaka, feni zikazunguka, lakini skrini ikabaki tupu huku ikitoa milio inayojirudia, aghalabu kibao cha kumbukumbu hakikukaa sawasawa katika tundu lake. Maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, nayo huelezwa katika kitabu cha ubao mkuu.

Mashine ikizimika au kukwama katikati ya kazi, swali la kuuliza ni kama kosa hurudi mahali pale pale. Faili ile ile ikishindwa kusomeka kila mara, huku nyingine zote zikisomeka, diski ndiyo ya kushukiwa kwanza. Programu moja tu ikianguka kila mara kwa amri ile ile, huenda kasoro imo ndani ya programu. Lakini makosa yakibadilika badilika, leo programu hii, kesho ile, na ujumbe wa skrini ukawa tofauti kila mara, kumbukumbu hushukiwa, kwani kila safari kitu tofauti hukaa juu ya sehemu mbovu ya meza. Dalili nyingine ya kuaminika ni faili iliyobanwa ambayo hukataa kufunguka mara ya kwanza na kufunguka vizuri mara ya pili. Faili hiyo haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa katika kumbukumbu.

Mashine ikizimika ghafla bila ujumbe wowote, hasa inapofanya kazi nzito, joto na umeme huchunguzwa kabla ya kumbukumbu. Na mashine inayosahau tarehe na saa kila inapochomolewa haina ubovu wa RAM hata kidogo; imekwisha betri ya volti 3 iliyo kwenye ubao mkuu, yenye umbo la sarafu, ambayo bei yake ni ndogo.

KITU KIMOJA KWA WAKATI MMOJA

Jambo la kwanza ni kuziokoa habari. Nakala za faili muhimu huwekwa nje ya mashine, lakini nakala mpya isiandikwe juu ya nakala ya zamani. Nakala iliyopita katika kumbukumbu mbovu huenda nayo imeharibika, na ile ya zamani ndiyo pekee iliyo salama.

Jambo la pili ni usalama. Mashine huzimwa na waya wake kuchomolewa ukutani, kisha kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa muda ili chaji iliyobaki iishe. Katika kompyuta ya mapajani, betri pia hutolewa. Anayefanya kazi hugusa sehemu ya chuma isiyopakwa rangi ya kasha la mashine, ili apoteze umeme tuli ulio mwilini mwake. Mtu huanza kuhisi mtetemo wa umeme tuli unapofikia karibu volti 3,000, hali chipu huweza kuharibiwa na kiasi kidogo sana kuliko hicho. Kwa hiyo kutohisi kitu si ushahidi kwamba hakuna kilichotokea. Kisanduku cha umeme kisifunguliwe na mwanafunzi kwa hali yoyote. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukinyoshwa hufikia kilele cha volti 325 hivi ndani ya kapasita zake kubwa, na kapasita hizo huweza kushika chaji ya kuua hata baada ya waya kuchomolewa.

Baada ya hapo majaribio huanza, yaliyo rahisi yakitangulia. Mpangilio wa mashine, ambao mafundi huuita BIOS, hurudishwa katika hali yake ya kiwandani, kwani baadhi ya vibao huwa vimewekewa mwendo wa kasi kuliko kiwango cha kawaida, na kuvirudisha kwenye mwendo wa kawaida pengine hutosha kuwa tiba. Kisha vibao hutolewa, na nyuso zake zenye rangi ya dhahabu husuguliwa polepole kwa raba safi ya penseli na kupanguswa kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti kidogo. Vumbi la raba lisiangukie ndani ya matundu. Katika miji ya mwambao, ambako hewa ina chumvi na unyevu, usafishaji huu peke yake huzifufua mashine nyingi. Kibao hurudishwa kwa kusukumwa pande zote mbili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe.

Ubovu ukiendelea, vibao hupimwa kimoja kimoja. Na ichukuliwe kwamba kuna vibao viwili, A na B, na matundu mawili, la 1 na la 2. Majaribio ni manne: A katika tundu la 1, A katika la 2, B katika la 1, na B katika la 2. A ikishindwa katika matundu yote mawili, na B ikafaulu katika yote mawili, kibao A ndicho kibovu. Vibao vyote viwili vikishindwa katika tundu la 1 na kufaulu katika la 2, tundu ndilo bovu, na kununua kibao kipya kungekuwa kupoteza fedha. Majaribio yote manne yakishindwa, si jambo la kawaida vibao viwili kufa pamoja. Hushukiwa kitu wanachoshirikiana, yaani umeme, ubao mkuu, au prosesa. Msomaji akumbuke kwamba sehemu inayoiongoza kumbukumbu imo ndani ya prosesa yenyewe tangu mwaka 2003 katika mashine za AMD, na tangu 2008 katika zile za Intel. Na iwapo kila kibao hufaulu kikiwa peke yake, lakini vyote pamoja hushindwa, huenda vibao hivyo havipatani kwa mwendo au kwa volti.

Anayebadili kibao, tundu na waya kwa pamoja, mashine ikapona, amepata mashine lakini hakupata jibu. Ubovu ukirudi, ataanza upya.

JARIBIO LICHUKUE MUDA GANI?

Ziko programu za kuipima kumbukumbu. Memtest86 ilitungwa na Chris Brady mwaka 1994, na matoleo ya Windows tangu Vista ya mwaka 2007 yana chombo chake cha kupimia. Memtest86 huanza kabla ya mfumo wa mashine kupakiwa, ili iweze kufikia karibu kumbukumbu yote, nayo huandika mipangilio mbalimbali ya 0 na 1 na kuisoma tena. Kosa moja tu latosha kuwa ushahidi wa ubovu. Katika mashine isiyoongezewa kasi, matokeo yanayotakiwa ni sifuri.

Lakini sifuri nayo inahitaji kupimwa kwa akili. Iwapo kosa hutokea bila mpangilio, kwa wastani wa mara moja kila saa 2, uwezekano wa jaribio la saa 1 kupita bila kosa ni asilimia 61 hivi. Yaani zaidi ya nusu ya mashine mbovu za namna hiyo zingepewa cheti cha uzima. Jaribio likiendelea kwa saa 6, uwezekano huo hushuka hadi asilimia 5. Ndiyo sababu mafundi wenye busara huliacha jaribio liendelee usiku kucha, na kama ubovu hutokea wakati wa joto, hulirudia mchana.

UMEME, JOTO NA VUMBI

Kumbukumbu ikionekana nzima na mashine ikaendelea kukosea, umeme huchunguzwa. Kisanduku cha umeme cha kompyuta ya mezani hutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3, na kila moja huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5 tu. Kwa hiyo waya wa volti 12 usionyeshe chini ya 11.4 wala zaidi ya 12.6, na ule wa volti 5 usitoke nje ya 4.75 na 5.25. Upimaji huu ufanywe na mwalimu au fundi, tena wakati mashine ikifanya kazi nzito, kwani kisanduku kilichochoka huweza kuonyesha volti sahihi kikiwa kimepumzika. Palipo na umeme unaoyumba, kidhibiti cha volti au chombo chenye betri ya akiba ni kinga ya mashine nzima.

Ubao mkuu nao hutazamwa kwa macho. Kapasita zenye umbo la mkebe mdogo zatakiwa kuwa na vichwa bapa. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, kapasita nyingi zenye maji mabaya ndani yake ziliingizwa katika kompyuta za makampuni mengi. Zilivimba, zikapasuka na kuvuja, na mashine zake zikawa na makosa yaliyofanana kabisa na ya kumbukumbu. Mwisho ni vumbi: feni na mapezi ya kupozea yaliyozibwa na vumbi hunyima prosesa hewa, nayo hupunguza mwendo wake au kuzimika ili kujiokoa.

MAKOSA YASIYOACHA ALAMA

Yako makosa ya kumbukumbu yasiyotokana na kitu kibovu. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walieleza kwamba biti zilikuwa zikigeuka ndani ya chipu zisizo na kasoro. Waliigundua sababu: vifuniko vya kauri vya chipu hizo vilikuwa na chembechembe za urani na thori, ambazo hutoa miali ya alfa. Chembe moja ya alfa, ikipita katika silikoni, huachilia elektroni za kutosha kubadili chaji ya chumba kimoja. Watengenezaji wakaanza kuchagua malighafi safi zaidi. Chembe zinazozalishwa na miali kutoka anga za juu huweza kufanya vivyo hivyo, na kwazo hakuna kifuniko cha kutosha.

Hata hivyo, si vyema kuyasingizia mambo ya angani kila kosa. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa kompyuta nyingi za kampuni ya Google uliochukua muda wa miaka miwili na nusu. Ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vibao vya kumbukumbu vilipata makosa katika mwaka mmoja, na kwamba sehemu kubwa ya makosa ilitokana na ubovu wa vyombo vyenyewe. Kosa linalorudi lina chanzo karibu, nacho huweza kutafutwa.

Tiba ya makosa ya ghafla ilibuniwa na Richard Hamming wa maabara za Bell, aliyechapisha mwaka 1950 njia ya kuongeza biti za ulinzi ili mashine iweze kutambua biti iliyogeuka na kuirekebisha yenyewe. Kompyuta kubwa za kuhudumia mitandao hutumia kumbukumbu yenye ulinzi wa namna hiyo. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina. Vibao vya DDR5 vina ulinzi ndani ya chipu zake, lakini huo hauzilindi habari zikiwa njiani kati ya chipu na prosesa.

ZOEZI LA DARASANI

Wanafunzi 8 wasimame katika mstari mbele ya darasa. Kila mmoja ni biti moja. Aliyeinua mkono ni 1, asiyeinua ni 0. Mwalimu, kwa siri, amwambie mmoja wao kwamba yeye ni mbovu, nao ubovu ni wa aina moja kati ya hizi: daima ni 0, daima ni 1, au humwiga jirani yake wa kushoto. Darasa "liandike" namba yoyote kwa kuitamka, kisha lisome mikono.

Wengi wataanza kwa 00000000 na 11111111. Mipangilio hiyo humfichua aliyekwama katika 0 au katika 1, lakini anayemwiga jirani hupita salama, kwa kuwa jirani ana jibu lile lile. Darasa likiandika 01010101 na 10101010, wote watatu hufichuliwa. Sasa itakuwa wazi kwa nini watungaji wa Commodore 64 walichagua mipangilio hiyo miwili.

Kisha mwalimu atie ubovu wa nne: mwanafunzi amwige jirani wa pili kutoka kwake. Mipangilio yote minne iliyotajwa itafaulu, na mbovu hataonekana. Darasa litafute mpangilio wa kumnasa. Huu si mchezo tu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na wa Intel walionyesha kwamba kuisoma safu moja ya kumbukumbu mara nyingi mfululizo huweza kugeuza biti za safu jirani. Kati ya vibao 129 walivyovipima, 110 vilipatikana na udhaifu huo. Vibao hivyo vilikuwa vimefaulu mitihani ya kiwandani, kwa sababu mitihani hiyo haikuuliza swali hilo.

Jaribio hujibu tu lile lililoulizwa. Kwa hiyo daftari la shule lenye orodha ya kila dalili, kila badiliko na kila matokeo ni chombo cha ufundi sawa na bisibisi. Mashine itakapokosea tena mwaka ujao, mikononi mwa darasa jingine, watakaolisoma watajua ni maswali gani yamekwisha kuulizwa na ni yapi yamebaki.